Mto wako utatoa umeme kiasi gani miaka 30 ijayo? Namna ya kupiga hesabu ukiwa Lindi au Mtwara

Huku kwetu ukitaja umeme mtu anawaza gesi, Mnazi Bay kwa Mtwara na Songo Songo kwa upande wa Kilwa, na hana kosa, mitambo ya Mtwara mjini imekuwa ikila gesi miaka yote hii. Lakini kuna vijito vinavyoshuka kwenye kingo za uwanda wa juu wa Makonde na ule wa Rondo, kuna Lukuledi, kuna Ruvuma yenyewe ambayo kule juu Songea vijijini masista wa Chipole wamewekea mtambo wa Tulila wa megawati 5. Kwa hiyo haipiti muda anatokea mtu, mwanafunzi au mtu wa halmashauri au kikundi cha kijiji, anauliza tukiweka turbaini (mashine inayozungushwa na maji) hapa tunapata umeme kiasi gani, na mvua zikibadilika je. Hapa naeleza namna ya kupiga hiyo hesabu kwa data za bure na laptopu ya kawaida. Sio hesabu ya kupeleka benki, ni ya kujua kama jambo lina mashiko kabla hujamlipa mshauri hela ya watu.

Nianze na kinachowaangusha wengi: wastani wa mwaka unadanganya. Mtu anachukua mvua ya mwaka mzima, anaipeleka mpaka 2050, anaona imepanda kidogo, anaandika "umeme utaongezeka". Kwa mto wa kusini wenye msimu mmoja wa mvua hiyo inaweza kuwa kinyume kabisa, na chini huko nitakuonyesha kwa namba.

Fomula yenyewe ni fupi:

kilowati = 9.81 × Q × H × ufanisi

Q ni maji yanayopita kwenye turbaini, mita za ujazo kwa sekunde. H ni kimo cha maporomoko kwa mita, toka banio (kizuizi cha kuchepushia maji) mpaka kwenye mtambo. Ufanisi kwa mtambo mdogo weka 0.7 mpaka 0.75, usijipe 0.9 ya kwenye katalogi ya mwenye kuuza. Mfano maji nusu mita ya ujazo, kimo mita 30, ufanisi 0.75, unapata kama kilowati 110.

Kimo usikichukue kwenye simu tafadhali. GPS ya simu kwenye mwinuko inabahatisha, na ramani ya mwinuko ya SRTM (ile iliyopigwa na chombo cha anga Februari 2000, ipo bure kwa vipande vya mita 30) ni nzuri sana kuchora eneo linalokusanya maji ya mto wako ila kwenye kimo inaweza kukosea mita kadhaa, na mita 6 kwenye 30 ni sehemu ya tano ya umeme wako wote. Chukua ule mpira mwembamba wa kuonea ndani ambao mafundi wa nyumba wanaujaza maji kuchukulia levo, fundi mmoja na vijana wawili mnashuka nao kwa hatua mpaka chini, mnajumlisha. Asubuhi moja kazi imeisha.

Maji ya mto, hapa ndo pana kazi

Ukiwa na data ya mtiririko ya miaka mingi we ni tajiri. Anza kwa kuuliza Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao makuu yapo Mtwara, andika barua rasmi useme mto, sehemu na miaka unayotaka. Kuna pia Global Runoff Data Centre kule Koblenz Ujerumani wanaotunza rekodi za mito ya dunia nzima. Tegemea mapengo, data za mito hapa nchini zina matundu, na kituo kinaweza kuwa na rekodi safi ya zamani halafu kimya. Na pengine utapata kituo cha Lukuledi chini kabisa wakati kijito chako kipo juu kwenye korongo, hiyo inasaidia lakini sio mto wako.

Kama hamna kitu, pima. Najua mtu wa laptopu hapendi kusikia hili ila vipimo vya kiangazi kimoja tu, Juni mpaka Novemba, vinaweza kukupa zaidi ya modeli zote za dunia. Tafuta sehemu ya mto iliyonyooka ya mita 10 hadi 20, pima upana na kina sehemu kadhaa upate eneo la mkato, tupa chungwa au kidaka cha nazi au chupa ya maji iliyojazwa nusu, hesabu sekunde, rudia mara kadhaa, afu ile kasi zidisha kwa 0.85 hivi maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Kasi mara eneo, ndo Q. Kijito kidogo weka ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90: maji yakipanda sentimita 20 juu ya ncha ya V hapo zinapita kama lita 25 kwa sekunde. Halafu simamisha mti wenye alama za sentimita, mpe kijana anayekaa jirani asome asubuhi na jioni aandike kwenye daftari, mlipe chochote. Ukipima mtiririko mara kadhaa maji yakiwa chini, katikati na juu unachora mstari wa kugeuza kina kuwa Q, na daftari lote linageuka kuwa data.

Mvua na joto kutoka angani

Vituo vya mvua vya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ndo vya kuaminika zaidi ila ni vichache kuliko mito yetu, kwa hiyo unachanganya na satelaiti. Ya kuanzia ni CHIRPS, inatoka Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ipo toka 1981 mpaka leo, kipande kimoja ni kama kilomita 5 na nusu, wanachanganya picha za mawingu na vituo vya ardhini. Kama bando ni shida usishushe mafaili ya dunia nzima, ingia ClimateSERV au Google Earth Engine, pakia mchoro wa eneo lako, ikupe wastani wa mvua wa kila siku kwenye faili dogo la kufungua hata kwa Excel.

Joto chukua ERA5-Land ya Wazungu wa Copernicus (mpango wa Ulaya wa kufuatilia dunia), kipande kilomita 9, inaanzia 1950. Mvua ya ERA5 siipendi sana ukanda huu, ila ina faida moja: kama rekodi ya mto wako iliishia 1985, CHIRPS inakupa miaka minne mitano tu ya kulinganisha, hapo inabidi urudi kwenye ERA5-Land au karatasi za zamani za vituo vya mvua.

Kabla ya kuiamini data ya angani ijaribu kwa tukio unalolijua. Kimbunga Hidaya kilipiga mwanzoni mwa Mei 2024, Kilwa ilipata maji mengi na barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Angalia hizo siku kwenye data yako, je mvua ipo? Ni kubwa inavyotakiwa au imelainishwa? CHIRPS kwa kawaida inapunguza makali ya siku kama hizo. Kwa umeme haikuumizi sana, mafuriko hayakuongezei kitu, ila kwa banio na daraja la mtambo inaua, kwa hiyo ukubwa wa mafuriko usiupigie hesabu kwa data hii peke yake.

Modeli ya kugeuza mvua kuwa mto

Watu wanapenda kurukia SWAT, modeli kubwa ya bonde zima la mto, kwa sababu ndo waliyoisikia chuoni. SWAT nzuri ukitaka kujua mashamba ya ufuta yakiongezeka au msitu ukikatwa mkaa mto utafanyaje, ila inataka ramani ya udongo, matumizi ya ardhi na muda. Kwa swali letu anza na GR4J, modeli ya Wafaransa yenye parameta nne tu (namba unazozirekebisha ili ifuate mto wako), inakula mvua na mvukizo wa kila siku, inatema mtiririko wa kila siku, na ipo bure kwenye programu ya R kwa jina airGR. HBV ya Waswidi nayo ni ya mtindo huohuo. Parameta nne ukiwa na data kidogo ni baraka, ishirini ni kujidanganya.

Mvukizo, yani kiasi ambacho jua na hewa kavu vingekausha kama maji yangekuwepo, unaupata kwa joto tu kwa njia ya Hargreaves au Oudin. Kama una unyevu, upepo na jua tumia Penman-Monteith, hasa kwenye hesabu za mbele, maana njia za joto tupu zinaweza kuutia chumvi ukaushaji dunia ikipata joto.

Halafu fanya hesabu ya akili timamu. Mto wenye wastani wa mita za ujazo 0.68 kwa sekunde unatoa kama mita za ujazo milioni 21 kwa mwaka. Kama eneo lake ni kilomita za mraba 120, ukiyatandaza maji hayo juu yake ni milimita 178. Mvua ikiwa 950, maana yake asilimia 19 ndo inafika mtoni na iliyobaki imekaushwa au imezama. Inaingia akilini. Ukipata asilimia 70 umekosea eneo, au yuniti, au mto unapokea maji toka nje ya mchoro wako.

Na hilo la mwisho huku kwetu sio utani. Uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mchanga, juu Newala maji yanazama moja kwa moja (ndo maana shida ya maji kule juu ni hadithi ya miaka), yanakuja kutokea chini kwenye kingo kama chemchemi zinazotiririka hata Oktoba. Mpaka wa maji ya ardhini haulazimiki kufuata mpaka wa mlima unaouona kwenye SRTM. Nenda sasa Masasi kwenye ile milima ya mawe matupu: mvua ikinyesha maji yanashuka yote kwa kasi, wiki chache baada ya masika kijito kimebaki mchanga. Mvua inaweza kulingana kabisa, mito miwili tofauti. Kwa hiyo kama huna data usiazime parameta za mto wa Masasi ukazitumia chini ya Newala kisa wilaya ni jirani. Azima kwa mto wenye mwamba na udongo unaofanana, na hata hapo hakikisha kwa vipimo vya kiangazi.

Ukirekebisha modeli ifuate rekodi, wengi wanatazama NSE, kile kipimo cha Nash na Sutcliffe cha 1970 cha kuona modeli imekaribia rekodi kiasi gani, 1 ndo kamili. Shida yake kinapenda mafuriko, modeli inaweza kupata 0.8 kwa kupatia Februari na Machi huku Oktoba imekosea mara tatu. Wewe umeme wako unategemea Oktoba. Piga kipimo hicho kwenye logi (logariti) ya mtiririko, inayozipa uzito namba ndogo, au tumia KGE, kipimo kingine cha aina hiyo, halafu chora kiangazi peke yake ukitazame kwa macho. Na ukitaka kujua kama modeli itaweza hali ya hewa ngeni, irekebishe kwa miaka yenye mvua nyingi kisha ijaribu kwenye miaka mikavu, na kinyume chake. Ikishindwa hapo, ya 2050 itaiwezea wapi?

Kuingiza mabadiliko ya tabianchi

Modeli za hali ya hewa ya dunia nzima za kizazi hiki zinaitwa CMIP6. Zenyewe zina vipande vikubwa, Lindi na Mtwara unaweza kukuta zimemezwa na vipande viwili vitatu na kimoja kina bahari nusu, kwa hiyo chukua toleo la NASA lililosahihishwa na kukatwa vipande vidogo, NEX-GDDP-CMIP6, la kila siku, kipande nyuzi 0.25 sawa na kilomita 28 hivi, toka 1950 mpaka 2100. Usichukue modeli moja. Chukua kumi au zaidi, kwa SSP2-4.5 na moja ya zile kali kama SSP5-8.5 (SSP ni njia za kukisia dunia itachafua hewa kiasi gani huko mbele, hiyo ya kwanza ni ya katikati). Mpaka miaka ya 2040 tofauti kati ya hizo njia mbili sio kubwa, tofauti kati ya modeli na modeli ndo kubwa, na mtambo wako mdogo utaishi humo humo.

Kwenye joto zote zinakubaliana kwamba linapanda. Kwenye mvua sisi tupo mahali pabaya: El Niño huwa inaleta mvua upande wa kaskazini, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ukame kusini mwa Afrika, sisi tupo katikati kwenye mpaka, na modeli zinagombana mpaka huo unakaa wapi. Nyingine zitakupa nyongeza, nyingine pungufu. Usizijumlishe upate wastani wa sifuri ukasema "hakuna mabadiliko", hilo ndo kosa la kizembe kuliko yote.

Njia rahisi ya kuzitumia: linganisha kila mwezi wa zamani wa modeli na mwezi uleule wa mbele, pata uwiano wa mvua na ongezeko la joto, kisha weka hayo mabadiliko juu ya CHIRPS na ERA5-Land zako, endesha GR4J upya. Udhaifu wake ni kwamba mvua zinaendelea kuanza siku zilezile za zamani. Kama unataka kujua msimu ukichelewa kuanza toka Novemba mpaka katikati ya Desemba itakuwaje, tumia data ya kila siku ya modeli yenyewe baada ya kuisahihisha kwa mgawanyo wake (mvua zake ndogo, za kati na kubwa za miaka ya zamani zifanane na zilizopimwa), au jaribu kwa mkono tu, sogeza mwanzo wa msimu kwa wiki tatu uone. Jaribio hilo la mkono linafundisha kuliko makala nyingi.

Sasa zile namba. Ni za kutunga lakini zina sura ya mto wa huku, mita za ujazo kwa sekunde. Januari 0.9, Februari 1.4, Machi 1.8, Aprili 1.3, Mei 0.7, Juni 0.45, Julai 0.35, Agosti 0.28, Septemba 0.22, Oktoba 0.18, Novemba 0.17, Desemba 0.4. Wastani 0.68. Turbaini ni ya 0.5, kimo 30. Aliyetumia wastani anasema maji yanazidi turbaini, kwa hiyo kilowati 110 mwaka mzima, kama kWh (yuniti za umeme) 967,000. Ukienda mwezi kwa mwezi, ukaacha 0.05 ibaki mtoni kwa ajili ya samaki na watu wa chini (kiasi halisi kinapangwa na bodi ya bonde unapoomba kibali cha kutumia maji), unapata 677,000. Tayari asilimia 30 imepotea na tabianchi haijaguswa.

Ichukue sasa hali moja ya mbele: Januari mpaka Mei mto unapanda asilimia 15, Juni mpaka Desemba unashuka asilimia 20. Maji ya mwaka yameongezeka kama asilimia 6. Umeme? Miezi ya masika turbaini ilishashiba, nyongeza yote inapita juu ya banio inaenda baharini. Kiangazi kila lita iliyopungua ni umeme uliopungua. Unapata kama 611,000, pungufu ya karibu asilimia 10. Na kama turbaini yako haizunguki chini ya asilimia 20 ya maji yake, Oktoba na Novemba inazima kabisa, unabaki na 582,000, asilimia 14 chini. Maji zaidi, umeme pungufu. Fanya hivi kwa siku badala ya mwezi maana wastani wa mwezi nao unaficha.

Hapo unaona pia aina ya turbaini ina uzito kuliko mabishano ya SSP. Francis haipendi maji chini ya asilimia 40 hivi, kwa mto huu ingelala toka Septemba hata kwa hali ya sasa. Krosfloo inavumilia. Au weka mbili ndogo badala ya moja kubwa.

Bwawa kubwa ni habari nyingine. Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115 kwa mashine tisa za 235, inahifadhi maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kwa hiyo masika inaweza kusubiri kiangazi. Huko unahitaji hesabu ya ghala: maji ya jana, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyopita kwenye mashine, yaliyomwagwa na yaliyokaushwa na jua, pamoja na kanuni za kufungua milango. Programu ya WEAP inafanya hiyo kazi. Hatari yake sio mwezi mkavu bali miaka mikavu inayofuatana, kama iliyowahi kukausha Mtera na mwenzake Kidatu wakaathirika.

Ukiandika matokeo, mpe mtu kiwango cha chini na cha juu, sema modeli ngapi kati ya zako zinaonyesha pungufu, na weka Oktoba na Novemba peke yake kwa lugha ya kijiji: leo Novemba mnapata kilowati 26, zinatosha mashine moja ya kusaga na taa, katika hali mbaya hamna kitu. Kikao kitauliza tufanyeje hiyo miezi, na jibu la kwanza la kupigia hesabu ni sola, maana Oktoba jua la Nachingwea na Ruangwa linawaka haswa, na data ya mionzi ya jua ipo kwenye ERA5-Land ileile uliyoshusha, ni safu nyingine tu kwenye faili, iendeshe kwa siku zilezile ambazo turbaini imezima.